Kabla hamjabomoa jiko: mambo ya kuzingatia mkijifanyia kazi wenyewe Nakuru

Mume na mke wakiamua kujitengenezea jiko na chumba cha kufulia bila mkandarasi, watu hudhani watakwama kwa kukosa ujuzi. Mara nyingi siyo hivyo. Kubandika taili ni kazi inayofundishika, na kupaka rangi kunataka subira tu. Kinachokwamisha ni nyundo kutangulia mpango. Sinki limeshang'olewa, ndipo inajulikana kwamba koki ya kufunga maji ya nyumba nzima ilishika kutu zamani na haizunguki.

Basi anzeni na hiyo koki. Itafuteni karibu na mita, na nyingine chini ya tangi, mzifunge mwone kama mfereji unakauka kabisa. Inayovuja au kugoma ibadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Mkishafika hapo, wekeni koki moja ya jiko na moja ya dhobi, yaani chumba cha kufulia, kila chumba kijitegemee. Faida yake ni kwamba hamtalazimika kubomoa vyumba vyote viwili kwa pamoja. Kama mna nafasi ya kuchagua, mimi ningemaliza dhobi kwanza. Likishakuwa na mfereji, sinki na bomba la kutoa maji, ndilo litakalooshea vyombo na mboga wakati jiko ni vumbi tupu. Wengi hufanya kinyume kwa sababu jiko ndilo linaloonwa na wageni, halafu wanaishia kuosha sufuria bafuni.

Kama mnapanga kuweka mashine ya kufua, pimeni kimo cha tangi. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban bar 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mfereji litatoa kama bar 0.3. Kijitabu cha mashine huandika presha ya chini inayohitajika. Ikidai bar 0.5, tangi hilo halitoshi hata liwe la lita 5,000, maana wingi wa maji hauongezi presha. Itabidi muinue tangi au muweke pampu ndogo, na pampu inahitaji soketi yake. Ulizeni haya dukani kabla ya kulipa.

Maji machafu ndiyo yenye mambo mengi. Bomba la kutoa maji linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita moja. Likilala sana, mafuta ya kukaangia yanaganda humo ndani. Sasa chukueni futi kamba, pimeni kutoka mahali mnapotaka sinki jipya hadi kwenye shimo la nje. Mkihamisha sinki mita 4, bomba litashuka sentimita 8 hadi 10 kabla ya kutoka ukutani. Je, sakafu inaruhusu? Hapo ndipo ndoto nyingi za sinki la katikati ya jiko huishia, na ni heri ziishie kwenye karatasi. Chini ya kila sinki pawe na trapu inayobakiza maji, maana maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende kupanda. Na ikiwa nyumba haijaunganishwa na mfereji wa maji taka wa jiji, fikirieni yale maji ya kufulia yatakwenda wapi. Yakielekezwa yote kwenye tangi la maji taka la choo lililo ardhini, litajaa upesi; ni afadhali yawe na shimo lake ambamo ardhi itayanywa.

Jambo moja la huku kwetu: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ndiyo maana meno ya kahawia si kitu cha kushangaza kwa watu waliokulia hapa. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani. Vichujio vya mkaa wa mifupa huipunguza. Kwa hiyo mkichora kabati la chini ya sinki, acheni nafasi ya kichujio na mfereji mdogo wa maji ya kunywa, au vuteni bomba kutoka kwenye tangi la maji ya mvua. Kufanya hivyo baadaye ni kutoboa granaiti ya meza ya jiko.

Stima nayo ina mpaka. Soketi ya kawaida ya pini tatu ni ya ampea 13, ambazo kwa volti 240 ni wati 3,120. Birika peke yake hula wati 2,000 hivi, na mashine ya kufua inapopasha maji hula karibu kiasi hicho hicho. Vichomekeni viwili kwenye ekstensheni moja, ndipo mtakaponusa plastiki ikiungua. Andikeni kila kifaa mtakachotumia na wati zake, kisha mpeeni orodha hiyo fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Jiko la umeme linahitaji waya wake mwenyewe, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, kutoka kwenye boksi la breka, na dhobi lisikose breka ya kukata stima haraka mtu anapopigwa na shoti. Mwambieni apime pia waya wa ardhini. Ninyi mnaweza kuchimba njia za mabomba ya waya ukutani na mkaokoa pesa nzuri, lakini kuunganisha ni kazi ya fundi. Kabla lipu haijafunika, pigeni picha kila ukuta huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya mabomba. Siku mtakapotaka kuning'iniza kabati, picha hizo zitawaonyesha pa kutotoboa.

Gesi iwekeni nje ikiwezekana, kwenye kizimba chenye kufuli na matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu pekee halisaidii. Viungo vyote vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Bado wapo wanaotumia kiberiti.

Kuta zisiwachukue muda mrefu. Ukuta unaobeba slabu au paa hauguswi bila mhandisi, na badiliko la namna hiyo linahitaji idhini ya kaunti. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni mjomba wake. Na kama ni nyumba ya zamani yenye mabati ya asbestosi, msiyatoboe wala kuyakata. Huondolewa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Tukija kwenye vipimo, meza ya jiko huwa na kimo cha sentimita 90 na kina cha 60. Hiyo ni desturi ya madukani, siyo sheria. Anayesonga ugali zaidi ndiye apimwe: asimame, akunje kiwiko, na meza ije sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Hapa ndipo maneno hutokea. "Baba watoto, hilo kabati la juu nitalifikia kwa ngazi?" Ni swali la haki, na jibu lake lipatikane kwa chaki ukutani. Choreni kabati, friji na milango yote ikiwa wazi, kisha mpite humo wawili kwa pamoja, mmoja akiwa amebeba sufuria.

Taili nunueni zote kwa mara moja, na asilimia 10 zaidi kwa ajili ya zitakazovunjika. Angalieni namba ya toleo kwenye kila katoni, kwa sababu rangi ya toleo moja na jingine hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana zikishakauka ukutani. Muulizeni mwenye hadiwea kama anarudishiwa katoni nzima ambayo haijafunguliwa, na mhifadhi risiti. Simenti ndiyo isinunuliwe mapema, kwani hushika unyevu ikagandia mfukoni. Kwa kabati lililo karibu na sinki epukeni MDF ya kawaida, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ikinywa maji huvimba na hairudi. Ubao wa marini ni ghali ila unastahimili.

Msimu ni hesabu nyingine. Mvua ndefu za Machi hadi Mei hazifai kama mtatoboa paa au kuchimba nje. Januari na Februari ni kavu, ingawa Januari karo inakuwa imeacha mfuko mkavu vilevile. Tengeni asilimia 15 hadi 20 ya bajeti kwa yaliyofichika, na msiiguse kwa sababu mmeona mfereji wa kuvutia. Ziacheni pia siku za kusubiri. Sakafu mpya ya simenti hunyweshwa maji kwa siku 7 hivi, na haraka ya kubandika taili juu yake huzaa nyufa.

Jiko la muda lipangwe kabla ya lile la zamani kuguswa. Meza imara barazani, madumu ya lita 20, karai la kuoshea, sufuria chache na sahani za idadi yenu. Mtungi wa kilo 6 wenye meko juu yake ukae sakafuni kwenye usawa. Kusonga ugali mtungi ukiwa juu ya stuli ni kutafuta ajali. Jiko la makaa libaki nje hata mvua ikinyesha, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kifusi nacho kina gharama. Patana na mwenye pikapu mapema, na mjue atakimwaga wapi, kwa sababu mkikirundika kwenye mtaro wa barabara mvua ya kwanza itawarudishia nyumbani. Nunueni miwani, glavu za mpira na barakoa zinazozuia vumbi jembamba. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi la taili. Taili zikatwe zikiwa na maji, watoto wakiwa mbali.

Jioni ya kuamkia kazi, jazeni madumu, nunueni tokeni za kutosha, chajini drili, na mkubaliane nani atafunga koki asubuhi na nani atazima meni swichi.