Kabla Hujasema Umepona Uviko-19: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Kinga ya Mwili

Homa ikishashuka na kikohozi kikapungua, wengi wetu hapa Dodoma huhesabu kwamba ugonjwa umekwisha, ilhali ndani ya mwili kinga bado iko kazini. Kwa hiyo, kabla hujapanga siku ya kurudi kazini, kupima damu au kuchanja, tafuta daftari uandike tarehe ambayo dalili ya kwanza ilianza. Karibu kila uamuzi utakaofuata utahesabiwa kutoka tarehe hiyo, na mgonjwa akishamaliza mwezi hakumbuki tena kama ilikuwa Jumatatu au Ijumaa.

Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, kwa kawaida huanza kuonekana katika damu kati ya wiki ya kwanza na ya tatu tangu kuambukizwa, hivyo anayekimbilia kipimo cha damu cha kuzitafuta mapema mno anaweza kupata jibu hasi hali anaumwa kweli. Kabla hujakilipia, elewa pia kinatafuta nini: kipimo cha kijiti cha puani hutafuta kirusi chenyewe, bali hiki cha damu hutafuta alama za mwili uliokwisha kupambana nacho. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Majengo aliyeishika karatasi ya majibu ameikunja mara nne, akilia kwa sababu iliandikwa "chanya", na watoto ameshawahamishia kwa dada yake. Ilikuwa chanya ya kingamwili, miezi miwili baada ya kuugua. Hakuna aliyekuwa amemweleza tofauti hiyo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwambie mpimaji pia ulichanjwa chanjo gani. Ile ya Janssen, ambayo uchanjaji wake ulizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, huufundisha mwili kuitambua protini ya miiba inayochomoza juu ya kirusi, hiyo peke yake, wakati Sinopharm hutengenezwa kwa kirusi kizima kilichokwisha kuuawa. Kwa hiyo jibu chanya laweza kutokana na chanjo wala si ugonjwa.

Linalowababaisha watu zaidi ni kwamba kingamwili hupungua kadiri miezi inavyopita. Kupungua huko si kupotea kwa kinga. Mwili hauwezi kuendelea kutengeneza silaha kwa wingi uleule wakati adui hayupo. Huacha seli B za kumbukumbu, ambazo hutengeneza kingamwili upya zikikutana tena na kirusi, pamoja na seli T, ambazo baadhi yake huua seli zilizoambukizwa. Seli hizi zimekutwa kwa watu waliopona miezi minane nyuma na zaidi. Hata hivyo usizifanye kuwa leseni ya kuacha tahadhari, kwa kuwa Omicron, aina ya kirusi hiki iliyoripotiwa na Botswana na Afrika Kusini mnamo Novemba 2021, iliwaambukiza tena wengi waliokuwa wamepona, maana miiba yake ilikuwa imebadilika. Aliyepona kisha akachanjwa huwa na kinga pana kuliko anayetegemea ugonjwa pekee, na ningemshauri yeyote azungumze na mhudumu wa afya kuhusu hilo.

Kabla hujanunua deksamethasoni dukani kwa sababu jirani alipewa wodini, tambua kwamba dawa hiyo huizuia kinga. Humsaidia mgonjwa anayehitaji oksijeni, ambaye kinga yake imepitiliza na kuvimbisha mapafu. Asiyehitaji oksijeni haimfai, na mwenye kisukari humpandisha sukari. Anayetumia dawa za kufubaza VVU asikatishe dozi hata siku moja, na apeleke taarifa ya kuugua kwake katika kliniki anakohudhuria, kwa sababu mwenye kinga dhaifu anaweza kukaa na kirusi muda mrefu kuliko wengine.

Kuhusu kazi, anza kidogo. Ukibeba ndoo moja kutoka bombani hadi jikoni ukalazimika kuketi, siku ya kupogolea mizabibu haijafika, na katika miezi ya upepo na vumbi, Agosti hadi Oktoba, kifua kilichotoka kuugua hukereka upesi. Andika uchovu huo nao, siku kwa siku. Ikifika miezi mitatu tangu ile tarehe ya kwanza na bado unahema au unasahau mambo kwa namna usiyoizoea, nenda hospitali na daftari lilelile mkononi.