Kabla ya kumfungulia karani wa Kasumbalesa programu moja tu

Ukiwa na depo Lubumbashi na makarani Likasi na Kasumbalesa, huna haja ya kuweka programu ya mauzo kwenye kila kompyuta. Tangu Windows Server 2008 ipo RemoteApp: programu inafanya kazi kwenye seva yako, karani anaona dirisha lake tu.

Ila asichokiona bado anaweza kukifikia. Kabla hajaingia, ingia wewe kwa akaunti yake, fungua ankara na ubonyeze "Enregistrer sous" (hifadhi kama). Pale juu panapoandikwa jina la folda, andika cmd, halafu Enter. Likifunguka dirisha jeusi la amri, karani yumo ndani ya seva, na kama faili za mishahara ziko humo humo, shauri yako. Jaribu pia F1 (dirisha la msaada) na Ctrl+Alt+End (menyu ya usalama ya seva), uone kama navyo vinamfungulia njia. Kuficha diski hakutoshi, maana anayejua njia ataiandika kwa mkono. Tumia AppLocker, chombo cha Windows kinachoamua programu zipi zifunguke, na uorodheshe programu zinazoruhusiwa badala ya zinazokatazwa, kwa kuwa za kukataza hazina mwisho. Kisha kaza haki za folda zenyewe.

Mlango wa 3389, ambao seva hupokelea wanaoingia kwa mbali, usiuache wazi kwenye intaneti hata siku moja; kuna mashine zinazokesha zikiutafuta. Wapitishe makarani kwenye RD Gateway, seva ya kupokea wageni kabla hawajafika ndani, mlango 443, au kwenye VPN, njia ya siri ndani ya intaneti.

Halafu umeme. Ukikatika Likasi katikati ya ankara, kazi ya karani haipotei: kikao chake kinabaki hai kwenye seva, akirudi anaendelea alipoishia. Lakini muda wa kukisubiri unaupanga wewe. Ukiwa mfupi mno, ankara imekwenda. Usipoweka kikomo, vikao vya watu waliokwisha lala vinajaza kumbukumbu ya seva. Mimi ningeweka saa mbili. Seva yenyewe ikikosa umeme ni habari nyingine, hapo ni UPS (betri ya akiba) na jenereta.

Leseni za makarani kuingia kwenye seva (RDS CAL) ziulizie mapema: seva mpya inakuvumilia siku 120, baadaye inawakatalia makarani. Wanaopokezana kompyuta moja wanafaa leseni ya kifaa, si ya mtu.

Printa ya risiti usiijaribu ofisini kwako. Mwambie karani achapishe palepale Kasumbalesa, kwa printa yake, mteja akiwa bado hajafika.