Somo: Panga ramani ya nyumba ya familia kabla hujaenda kwa mchoraji

Wakuu, karibuni. Somo hili ni la mtu mwenye kiwanja na nia ya kujenga, lakini ramani bado iko kichwani. Simfundishi mtu kuwa msanifu majengo. Mambo ya nguzo, mihimili na nondo yana wenyewe. Ninachotaka ni kwamba ukifika kwa mchoraji uwe na karatasi mkononi. Ukisema tu "nataka vyumba vitatu, kimoja masta", utapewa ramani iliyokwisha kuchorwa kwa ajili ya familia nyingine, na wewe utaishi maisha yao.

Vifaa: daftari la hesabu la miraba, penseli, ufutio, mkasi na futi ya kupimia. Basi.

HATUA YA 1: Andika siku nzima, vyumba baadaye

Wengi huanza kwa kuhesabu vyumba. Wewe anza na saa. Nani anaamka wa kwanza, anapita wapi, anamwamsha nani? Asubuhi ni wangapi wanaogombania bafu ndani ya nusu saa ileile? Mizigo inaingilia mlango upi kwenda jikoni, na inapita mbele ya nani? Nguo chafu zinakusanywa wapi, zinafuliwa wapi, zinaanikwa wapi? Mgeni akiomba choo utamwelekeza wapi, na akiwa njiani ataona nini?

Jaza ukurasa mzima. Nyumba yenye mtu wa zamu za usiku, anayelala mchana, inahitaji chumba kimoja kilicho mbali na sebule kuliko inavyohitaji chumba cha nne. Andika pia miaka 10 ijayo. Watoto wanaolala pamoja leo wakiwa na miaka 4 na 6 watakuwa na 14 na 16. Mzazi mzee anaweza kuhamia kwako. Kwa sababu hiyo hata nyumba ya ghorofa iwe na chumba kimoja na bafu chini, pasipo kupanda ngazi.

HATUA YA 2: Kisikilize kiwanja

Nenda mara tatu: asubuhi, saa nane mchana na jioni. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, kwa hiyo linapenya madirisha ya mashariki na magharibi, na paa haliwezi kulizuia hata ulirefushe vipi. Kwenye joto, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Upande wa magharibi weka stoo, bafu au ngazi, yaani sehemu ambazo hakuna anayelala. Kwenye baridi geuza hesabu: sebule ilitafute jua badala ya kulikimbia.

Angalia na mteremko. Majitaka hayapandi mlima. Bomba la inchi 4 hulazwa kwa mteremko wa kama 1 kwa 40, maana yake bomba la mita 12 linashuka sentimita 30 kutoka choo hadi chemba. Choo kikiwekwa upande wa chini wa kiwanja wakati shimo au bomba la mji liko juu, utainua nyumba nzima kwa ajili ya choo. Halafu uliza ofisi ya mipango miji umbali unaotakiwa kuachwa kutoka mipaka ya kiwanja. Uliza sasa, ukishachora utaifuta.

HATUA YA 3: Chora mapovu

Usichore kuta bado. Chora viduara: sebule, jiko, kulia chakula, kulala, bafu, kufulia. Vinavyohitajiana viguse, vinavyokerana viachane. Kelele upande mmoja, usingizi upande mwingine. Vyenye maji vikae pamoja, bafu na jiko zikipeana mgongo ikiwezekana, mabomba yawe mafupi. Rudia mara tano, sita. Hatua hii ni nyepesi, usiikalie wiki.

HATUA YA 4: Samani kwanza, ukuta baadaye

Hapa ndipo pa kutumia muda, na hapa ndipo nilipoharibu. Nyumba yangu ya kwanza nilipanga vyumba kwa macho. Chumba cha watoto kilipendeza kwenye karatasi. Siku ya kuingiza kabati tukagundua mlango ukifunguka unaligonga, na droo ya chini haifunguki mpaka mlango ufungwe. Mtoto akitaka soksi inabidi ajifungie kwanza. Kitasa kimechimba kitundu ubavuni mwa kabati, ukubwa wa sarafu, kipo hadi leo.

Kwa hiyo shika futi upime ulivyonavyo na unavyotarajia kununua: kitanda, kabati, makochi, meza pamoja na viti vikiwa vimevutwa nyuma. Kwenye daftari, mraba mmoja uwe sentimita 50. Kata vipande vya karatasi vya kila kitu kwa kipimo hicho, vipange, visogeze, halafu ndipo uvizungushie ukuta.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3, kipimo ambacho kila mtu anakitaja bila kufikiri. Kitanda chenye fremu ni kama mita 1.6 kwa 2. Ukikiweka katikati ya ukuta, kila ubavu unabaki na sentimita 70, mtu anapita vizuri. Miguuni inabaki mita 1. Leta kabati la kina cha sentimita 60 uliweke miguuni pale: unabaki na sentimita 40, na mlango wa kabati wenye upana wa 50 haufunguki. Ongeza urefu wa chumba uwe mita 3.6 na tatizo limekwisha. Umeongeza mita 1.8 za mraba tu. Kumbe chumba hakikuwa kidogo kwa ujumla, kilikuwa kifupi upande mmoja.

Sasa mtego. Ile mita 3 umeipima wapi? Ukipima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, tofali la sentimita 15 na plasta ya sentimita 1.5 kila upande vinakula 18. Chumba chako ni mita 2.82. Andika kwenye mchoro kwamba vipimo ni vya ndani, baada ya plasta, na umkumbushe mchoraji, kisha fundi, kisha fundi tena.

Jikoni, jumla ya umbali kati ya jokofu, sinki na jiko la kupikia iwe kati ya mita 4 na 8. Ikizidi hapo unapika huku unafanya mazoezi. Meza ya kazi kina sentimita 60, na kati ya meza mbili zinazotazamana acha mita 1.2 ili watu wawili wapishane na sufuria ya moto. Kimo cha sentimita 90 ni cha kawaida, ila mpime mpishi wenu: sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake akiwa amesimama. Mgongo wake utakushukuru.

HATUA YA 5: Milango na madirisha

Mlango unachukua nafasi mara mbili: pale ulipo na pale unapofagia ukifunguka. Chora ule upinde wake kwenye kila mlango, bila kuruka hata mmoja. Upana wa kupita usipungue sentimita 80. Kwa mzee au kiti cha magurudumu weka 90.

Sebule yenye milango mitatu kila mmoja kwenye ukuta wake si sebule, ni njia panda. Watu wataikata kwa mshazari kutwa nzima na makochi yatakosa pa kukaa. Sogeza milango ikaribiane upande mmoja, njia iambae ukutani, pembe mbili zibaki tulivu. Chumbani, mlango ukae karibu na kona, lakini kama kabati litasimama nyuma yake, acha angalau sentimita 65 kutoka kona.

Madirisha: jumla ya ukubwa wake iwe angalau sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na chumba kikipata mawili kwenye kuta tofauti, upepo unaingia hapa unatokea pale. Dirisha la jikoni lianzie juu ya meza ya kazi. Linaonekana dogo hili, hadi siku bomba la sinki linapozuia dirisha kufunguka.

HATUA YA 6: Tembea ndani ya ramani

Nenda kiwanjani na vigingi na kamba, iweke nyumba chini kwa ukubwa wake halisi. Usishtuke, vyumba vitaonekana vidogo mno. Ardhi tupu iliyo chini ya anga hudanganya jicho. Usiongeze kitu siku hiyo. Chukua viti, kaeni "sebuleni". Mmoja atoke "chumbani" usiku aende "bafuni" huku mwingine anahesabu hatua na kona. Tulipofanya hivi kwa nyumba ya pili, mke wangu alisimama mlango wa mbele akasema, "Mimi kutoka hapa naona choo." Kweli, mlango wa choo ulikuwa umemkodolea mgeni macho. Tuliuhamisha kwa kung'oa vigingi viwili.

Hapo sasa beba daftari uende kwa mchoraji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefundishwa kwamba korido ni hasara, nyumba nzuri haina korido. Ni kweli?

Jibu: Nusu kweli. Korido ya mita 9 kwa 1.2 ni mita za mraba 10.8, sawa na chumba cha mita 3.3 kwa 3.3. Umejenga chumba kizima cha kutembelea. Lakini ukiiondoa kabisa, vyumba vya kulala vitafungukia sebuleni, na kila anayetoka kuoga atawasalimu wageni. Ifupishe. Kijikorido cha mita 2 chenye milango minne kinafanya kazi ileile. Upana usishuke chini ya mita 1. Kumbuka kitanda kitapita hapo siku ya kuhamia.

Swali: Somo zuri. Kiwanja changu ni chembamba, mita 10 kwa 25. Nikiacha nafasi pembeni nabaki na upana wa 7. Vyumba vya katikati vitapata wapi mwanga?

Jibu: Usijaze yote. Kata ua mdogo ubavuni, hata mita 2 kwa 3, katikati ya urefu wa nyumba, kisha vyumba vya kati vifungue madirisha humo. Upana wa 7 unatosha chumba, korido na chumba kingine chembamba, au chumba kimoja kipana na njia. Mimi ningeweka ngazi na stoo zile sehemu zenye giza zaidi. Lakini hakikisha kwanza hiyo 7 ni ya kweli kwa mujibu wa ofisi ya mipango miji, usitumie makisio ya jirani.

Swali: Ngazi inakula nafasi kiasi gani? Mchoraji ameniwekea kimraba kidogo cha mita 2 kwa 2.

Jibu: Kimraba hicho labda ngazi ya mzunguko, na godoro halitapita. Tupige hesabu. Kutoka sakafu hadi sakafu tuseme mita 3.06. Kila kidato kikipanda sentimita 17, ni vidato 18. Pa kukanyagia sentimita 28. Kanuni ya zamani ya Mfaransa François Blondel, ya karne ya 17, inajumlisha vipandio viwili na mkanyago mmoja. Siku hizi watu hutaka jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64. Hapa 17 na 17 na 28 ni 62, safi. Ngazi ikikunjwa mara moja katikati, kila upande una vidato 9 lakini mikanyago 8, kwa sababu kidato cha mwisho kinakufikisha kituoni au sakafu ya juu. Mikanyago 8 ni mita 2.24, ongeza kituo, yaani pale pa kugeukia, cha mita 1: urefu mita 3.24 na upana kama mita 2.1. Mrudishie mchoro.

Swali: Nataka kujenga kwa awamu, vyumba viwili sasa, viwili baadaye. Nianzeje?

Jibu: Chora nyumba nzima leo, jenga nusu. Amua korido itaendelea upande upi na mwisho wake weka dirisha lenye upana wa mlango, linta, ule mhimili unaobeba ukuta juu ya mlango, ikiwa tayari juu, ili baadaye ubomoe kipande cha chini tu. Paa ndilo linalowatesa wengi: lichorwe likiwa zima, ili awamu ya pili isije ikamwaga maji yake juu ya ya kwanza.

Swali: Jiko la wazi au la kufungwa? Mimi na mwenzangu tumegombana hadi tumenuniana.

Jibu: Someni ule ukurasa wa hatua ya kwanza. Anayepika akiwa peke yake anaangalia watoto wadogo, jiko la wazi linamfaa. Kama mnakaanga sana na makochi ni ya kitambaa, fungeni. Njia ya kati ni ukuta wenye mlango mpana wa kuteleza.

Swali: Siyo swali, ni nyongeza. Kwenye milango hujagusa choo. Choo kidogo mlango ufungukie nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake unauzuia mlango na hamuwezi kumfikia. Yamenikuta kwa mzee wangu, tuling'oa bawaba.

Jibu: Pole sana, mkuu. Ni kweli kabisa na niliruka. Wenye daftari, geuzeni upinde wa mlango wa choo sasa hivi, kisha angalieni kama haugongani na wa jirani yake kwenye korido. Mimi nimeangalia wangu, unagongana.