Jinsi ya Kujifunza Misingi ya Sosholojia Ukiwa Barazani Lamu

Mwanafunzi anayeanza sosholojia kwa kukariri majina ya wataalamu na miaka yao huishia kuwa na orodha asiyojua aitumie wapi. Njia ninayoipendekeza hapa huanzia upande wa pili. Chagua baraza moja mjini Lamu, yaani mahali pa kuketi mbele ya nyumba, liwe la mtaa wa Mkomani au wa Langoni, waombe ruhusa wenyewe, kisha kaa hapo baina ya alasiri na magharibi kwa siku tatu au nne, ukiandika katika daftari yale unayoyaona bila kuyatolea sababu: nani alipita, nani alimwanza mwenzake kwa salamu, nani aliketi na nani alibaki amesimama. Ukichanganya maelezo na uliyoyaona tangu siku ya kwanza, hutajua tena lipi ulilishuhudia na lipi ulilikisia.

Daftari likishajaa, anza na dhana ambayo Émile Durkheim wa Ufaransa aliieleza mwaka 1895, nayo ni ukweli wa kijamii, yaani namna ya kutenda, kufikiri au kuhisi iliyo nje ya mtu mmoja mmoja na yenye nguvu ya kumshurutisha. Kijana anayewapita wazee barazani bila kuwaamkia hapigwi wala hashtakiwi, lakini habari zake humfikia mamake kabla yeye hajafika nyumbani. Salamu hiyo hakuitunga yeye; aliikuta, akafunzwa, na itakuwapo atakapokuwa hayupo. Kwa mfano huo mmoja utakuwa umegusa kaida, adhabu isiyo rasmi na malezi ya kijamii, dhana tatu ambazo vitabu huzitenga kana kwamba hazijuani.

Hadhi na dhima hazitakuchukua muda. Hadhi ni nafasi aliyo nayo mtu katika jamii, na dhima ni yale anayotarajiwa kuyatenda kwa kuwa na nafasi hiyo. Nahodha ambaye pia ni baba, siku ya safari ikiangukia siku ya arusi ya bintiye, huwa katika mgongano wa dhima.

Nadharia kubwa ndizo zinazowachanganya wengi, na kosa la kawaida ni kuipa kila nadharia mfano wake. Zipe zote mfano mmoja. Chukua maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ambayo kila mwaka huwaleta Lamu wageni kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwenye kufuata uamilifu, nadharia inayotazama kazi ya kila jambo katika jamii, huuliza jambo hilo linaishikiliaje jamii, na hapa mwanasosholojia Mmarekani Robert Merton ana msaada mkubwa kwa kutenganisha kazi iliyo dhahiri na kazi iliyojificha: dhahiri ni kumswalia Mtume, na iliyojificha yaweza kuwa ni jamaa walioachana miaka kukutana tena na wazee kupata nafasi ya kuzungumzia posa. Mwenye kufuata nadharia ya migongano, ambayo mizizi yake ni Karl Marx, atauliza swali lisilopendeza sana: ni nani hapo zamani walioachwa nje, na ni nani waliofaidika kwa kuwaacha nje? Habib Swaleh, mwanachuoni mwanzilishi wa msikiti huo aliyetoka Visiwa vya Ngazija, alifunza Langoni watu ambao waungwana wa mji, yaani watu wa koo za juu, hawakuwa wakiwapa nafasi sawa katika elimu ya dini. Ukiliacha swali hilo, utaiona sherehe na usiuone mji.

Max Weber wa Ujerumani huingia papo hapo, na kwa maoni yangu ndiye ambaye kwa dhana zake Lamu husomeka kwa urahisi zaidi. Aligawa mamlaka halali katika aina tatu: ya jadi, ya karama, yaani mvuto wa kipekee wa mtu mwenyewe, na ya kisheria. Waungwana waliheshimiwa kwa nasaba, Habib Swaleh alifuatwa kwa karama yake, na gavana wa kaunti hutiiwa kwa sababu ya katiba ya mwaka 2010, hata na wasiompenda. Weber aliona pia kwamba karama hugeuka kuwa taasisi mwenyewe anapoondoka; msikiti na chuo chake ni ushahidi tosha.

Mwanasosholojia Erving Goffman alifananisha maisha ya watu na tamthilia, yenye sehemu ya mbele inayotazamwa na watu na sehemu ya nyuma ambako mtu hupumzika na kujiandaa. Msomaji wa Lamu hahitaji jukwaa ili kumfahamu, kwa kuwa nyumba ya mawe imejengwa hivyo: mgeni hupokewa dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, aliye karibu zaidi huvuka kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, hadi msanani, yaani ukumbini, na ndani ni kwa wenyewe. Angalia sauti na maneno ya mtu mmoja yanavyobadilika anapotoka ndani hadi dakani.

La mwisho kujizoeza ni tofauti aliyoieleza Mmarekani C. Wright Mills mwaka 1959 baina ya shida ya mtu na suala la umma. Mvuvi mmoja akirudi na mashua tupu, huenda hakuijua bahari siku hiyo. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, na idadi hiyo haielezeki kwa uvivu wa mtu wala bahati mbaya yake. Rudi kwenye daftari lako, tafuta malalamiko uliyoyasikia zaidi ya mara tatu kutoka kwa watu wasiohusiana, na uandike ukurasa mmoja kuhusu kinachowaunganisha, ukianza na ulichosikia, kisha dhana, na jina la mtaalamu mwisho.