Namna ya Kumchora Asiye na Makazi Pamoja na Mashetani wa Masimulizi

Anayetaka kuchora picha inayomkutanisha mtu anayelala barabarani na viumbe wa masimulizi yetu aanze na mahali, asianze na sura. Wazee wa pwani huwataja majini na mizimu chini ya mibuyu, magofuni, njia panda na majalalani, na huko huko ndiko asiye na nyumba hutafuta pa kujilaza usiku. Mchoraji akianza na sura, ataishia kumpa binadamu pembe na macho mekundu, na hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Kabla ya kushika penseli, nenda ukamsalimie. Katika ngoma za pepo, mganga humwuliza pepo aliyepanda kichwani jina lake, alikotoka na anachotaka, kisha hutengeneza chano, yaani sinia la vitu anavyotolewa pepo, kulingana na majibu hayo. Wapo watu wengi wa barazani na vituoni ambao hawajaulizwa hata moja kati ya hayo kwa miaka. Keti naye, uliza, sikiliza. Mweleze waziwazi kwamba atachorwa pamoja na mashetani, kwa kuwa neno hilo kwa wengi ni tusi, na akikataa umshukuru na kuondoka. Akikubali, mlipe kwa muda wake, usiandike jina lake pichani bila idhini yake, na kamwe usimchore akiwa usingizini.

Kwa mtindo, zitazame kazi za George Lilanga (1934–2005), mchoraji na mchongaji wa Tanzania aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam. Mashetani wake, wenye asili katika uchongaji wa Wamakonde, wana masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza, lakini hucheza, hunywa na kuzozana kama majirani wa mtaa mmoja. Ujirani huo ndio unaoutafuta.

Tayarisha ubao mwembamba, upake rangi moja ya chini, uache ukauke kabisa. Mchore mtu wako katikati kwa umbo lake halisi, kisha wazungushe mashetani wakiwa kazini: mmoja anakunjua boksi la kulalia, mwingine anakinga mvua kwa jani la mgomba. Wapita njia waonekane miguu tu, pembezoni. Malizia kwa rangi ya mafuta inayong'aa.

Picha ikikauka, mpelekee yeye kwanza. Akionyesha kiumbe asichokipenda, kifunike kwa rangi ya chini na uchore kingine kabla ubao haujatundikwa popote.