GRE imebaki wiki moja na msuli haujapanda? Fanya hivi

Haya, imebaki wiki uingie GRE, ule mtihani wa Kiingereza, hesabu na insha ambao vyuo vingi vya Marekani vinauangalia ukiomba masters. Najua umefikaje hapo maana na mimi nilifika hapo hapo, ulijisajili ukiwa na moto wote, ukalipa dola 220 ukijiona tayari uko Marekani, ukashusha mapdf mpaka simu ikalalamika imejaa, halafu kazini ikaingia bajeti, unatoka Mtumba hapa Dodoma giza limeshaingia, daladala ya kurudi Nkuhungu umesimama njia nzima, ukifika unasema nitaanza kesho. Sasa kesho zimeisha.

Nikwambie mapema ili usije ukanilaumu: wiki hii hutajua kitu kipya cha maana. Unachofanya ni kulinda maksi ambazo tayari ni zako, maana watu wengi hawaangushwi na ugumu wa pepa, wanaangushwa na kutolijua pepa lilivyo na vitu vya kijinga vya nje ya pepa. Kwa hiyo tunaanza na vya kijinga.

Fungua akaunti yako ya ETS, wale wenye mtihani, sasa hivi uangalie saa. Usicheke. Mshkaji wangu mmoja aliandikiwa 2:00 PM, akaiona ile mbili, akili ikamwambia saa mbili usiku, basi mchana kalala vizuri, kaoga, jioni kakaa mezani ametulia kama bwana harusi, kumbe mtihani wake ulikuwa saa nane mchana na umeshapita masaa sita. Sisi tunahesabu saa kivyetu, wao hawana habari. Chukua karatasi andika kwa kalamu kubwa, saa ya kwao na saa ya kwetu, bandika ukutani. Na kama unataka kusogeza tarehe, inabidi uwe umefanya hivyo si chini ya siku nne kamili kabla ya mtihani na kuna hela ya kusogeza juu yake, ukichelewa hapo ile ada imekwenda na maji.

Kingine ni jina. Jina ulilojisajilia lazima lifanane na la kwenye kitambulisho utakachoonyesha, na sisi Wabongo na majina matatu ndio ugonjwa wetu, cheti cha form four kina hili, kitambulisho cha taifa kina lile, pasipoti imegeuza la kati likawa la mwisho. Pasipoti ndiyo salama zaidi. Ukiona hayafanani wasiliana nao leo, usingoje siku yenyewe uanze kubishana na msimamizi, tena kwenye kamera kama unafanyia nyumbani.

Sasa pepa lenyewe. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa, ni saa 1 na dakika 58 tu, kwa hiyo ukikuta desa linakwambia masaa karibu manne na insha mbili hilo ni la zamani, achana nalo. Inaanza insha moja ya dakika 30. Baada ya hapo kuna seksheni mbili za Verbal, yaani Kiingereza, na mbili za Quant, yaani hesabu, zinaweza kuja kwa mpangilio wowote. Verbal ya kwanza ina maswali 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23. Quant ya kwanza 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26. Piga hesabu mwenyewe, Verbal ni kama dakika moja na nusu kwa swali, Quant unaongezewa robo dakika. Mapumziko hakuna, chooni nenda kabla.

Kuna mambo mawili hapa watu wanayapuuza. Ukifanya vizuri seksheni ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na hiyo ndiyo unayoitaka kwa sababu maksi za juu ziko huko, kwa hiyo ile ya kwanza usiikimbize kama unawahi treni. La pili, ukikosa hukatwi kitu. Hakuna hasi. Swali la kubaki wazi ni dhambi, dakika ya mwisho bonyeza chochote. Ndani ya seksheni unaweza kuweka alama kwenye swali ukaruka ukarudi baadaye, zoea hilo, sio unang'ang'ana na swali moja dakika nne kama unagombea shamba.

Mazoezi ya wiki hii: achana na maapu kumi. ETS wana mitihani ya majaribio ya bure inaitwa POWERPREP, ipo kwenye akaunti yako hiyo hiyo na sura yake ni ile ile utakayokutana nayo. Fanya mmoja mwanzoni mwa wiki, saa ile ile ya mtihani wako, bila simu, bila kusimamisha saa. Siku mbili zinazofuata usifanye pepa jingine, kaa na makosa yako. Kila ulilokosa andika ulikosa kwa nini: sikujua, nilijua nikakosea hesabu, au sikusoma swali. Mimi nilikosa maswali 9 ya Quant, nilipoyachambua 5 sikusoma swali. Aisee iliniuma.

Kuhusu Quant, wale wenzangu wa HKL na HGL mnaotetemeka, tulieni. Hakuna calculus, hakuna trigonometria. Ni Basic Mathematics ya form four: asilimia, uwiano, vipeo, namba tasa, pembetatu na duara, kusoma grafu, mediani, probabiliti na kidogo standadi diviesheni. Shida yake ni mitego. Mfano zabibu kilo ni 5,000, bei ikapanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20. Ukiambiwa haraka haraka unasema imerudi pale pale. Haijarudi. Ilipanda ikawa 6,000, na asilimia 20 ya 6,000 ni 1,200, kwa hiyo sasa ni 4,800. Yule mama wa zabibu pale Majengo hawezi kukosea hiyo, wewe na digrii yako unakosea kwa sababu una haraka.

Halafu kuna yale maswali ya kulinganisha, upande A na upande B, unaambiwa useme upi mkubwa, au ziko sawa, au haiwezekani kujua. Machaguo ni hayo hayo manne kila siku, yakariri sasa ili usipoteze muda kuyasoma. Tuseme A ni x kwa kipeo cha pili, B ni x, hujaambiwa kingine chochote. Unaweka 2, unapata 4 dhidi ya 2, unasema A, unaondoka unafurahi. Umeliwa. Weka 1, ziko sawa. Weka nusu, unapata robo, sasa B ndiye mkubwa. Jibu ni haiwezekani kujua. Kwa hiyo kila ukiona herufi usiishie kwenye namba nzuri nzuri, jaribu sifuri, moja, hasi na sehemu. Mimi niliandika hizo nne kwenye ubao wangu kabla sijaanza swali la kwanza na zimeniokoa mara tatu nakumbuka. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila kizoee kwanza, mtu anakitafuta kwa mausi ajumlishe 15 na 27, sekunde zinaondoka.

Verbal ndiyo yenye kelele. Watu wanakariri maneno 1,000 siku tano za mwisho, yanatoka yote asubuhi ya mtihani kama maji kwenye tenga. Chukua maneno kama 20 kwa siku, yale ambayo ulishawahi kukutana nayo ukawa huna uhakika nayo, hayo ndiyo yanakaa. Muda unaobaki jifunze kusikiliza sentensi. Unaandikiwa: Although the minister was usually garrulous, at the hearing he was strangely ____. Hata kama hujui garrulous ni mtu mpiga domo, ile although imeshakwambia kinachokuja ni kinyume, na strangely imeongezea kwamba siku hiyo hakuwa kawaida yake. Unatafuta neno la mtu mkimya, taciturn kwa mfano. Unaweka neno lako kichwani kwanza, hata la Kiswahili, ndio unaangalia machaguo, ukianza na machaguo yatakuvuta. Zenye nafasi mbili au tatu ni lazima upate zote, nusu maksi hakuna. Zile za kuchagua maneno mawili kati ya sita, tafuta mawili yanayoiacha sentensi na maana moja, neno lako likiwa zuri ila halina mwenzake achana nalo.

Insha usiifanye kitu kikubwa. Mada zote wameziweka hadharani kwenye tovuti yao, ni nyingi, usizisome zote, chukua kama kumi na kila moja jipe dakika tano uandike msimamo na mifano miwili. Na mfano si lazima uwe wa Marekani jamani. Mada ikiwa ni serikali kufanya maamuzi ya muda mrefu ambayo wananchi wa leo hawaoni faida yake, una Dodoma hapo dirishani: uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanyika 1973, serikali ikaja kuhama kwa kishindo kuanzia 2016. Unaweza kuutumia kuunga mkono na unaweza kuutumia kupinga, kwamba miaka 40 na ushee ya kungoja nayo ina gharama. Anayesahihisha anataka kuona umefikiri pande zote mbili, hataki historia ya Abraham Lincoln uliyoikariri jana.

Tuje kwenye chumba, maana wengi wa huku tunafanyia nyumbani. Ukiwa na kituo Dar sawa, panda SGR siku moja kabla, ulale, usijifanye unaweza kushuka asubuhi ukaingia moja kwa moja. Nyumbani unatakiwa uwe peke yako, mlango umefungwa, unakaa kwenye kiti cha kawaida na meza, kitandani hapana, hedifoni hapana. Intaneti kafe haikubaliki. Utazungushiwa kamera chumba kizima na utaonyesha skrini yako kwa kioo au simu, baada ya hapo simu inakaa mbali. Karatasi ya kawaida ya kukokotolea hairuhusiwi, unatakiwa uwe na ubao mdogo mweupe, au karatasi moja ndani ya ule mfuko wa plastiki wa kuona ndani, na maka peni ya kufutika. Stesheneri yoyote ya mjini unapata, ila fanya nayo mazoezi, kuandika hesabu kwa maka peni nene sio sawa na kalamu.

Umeme weka wa kutosha kwenye Luku na laptopu ijae chaji hata kama umechomeka. Intaneti mimi nilikopa rauta kwa jirani, bando nikanunua jipya, na siku mbili kabla nikajaribisha saa ile ile ya mtihani maana mtandao wa saa nne asubuhi sio wa saa mbili usiku. Kile kifaa chao cha kukagua kompyuta kiendeshe mapema, kikikataa uwe na muda wa kuazima mashine nyingine.

Kelele sasa. Nyumba zetu hizi za kupanga mnazijua, watoto kwenye korido, muuza mboga na spika yake, na kwetu mama mwenye nyumba kila asubuhi anatwanga karanga za mlenda kwenye kinu, ukuta wangu na uani kwake ni mmoja. Usiku wa kuamkia mtihani nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vipi?"

Nikamweleza kesho saa nne nina mtihani, mtu akifungua mlango tu wanaweza kuufuta.

"Mtihani gani huo wa kufanyia chumbani na mlango umefungwa?"

Ilibidi nimwonyeshe barua pepe. Hajui Kiingereza ila akaiangalia muda mrefu, akasema sawa, watoto atawapeleka kwa shangazi yao Chang'ombe na kinu kitangoja.

Usiku huo usikeshe. Najua chuo tulizoea kukesha, pepa la asubuhi unaingia na macho mekundu, ila hapa swali moja la kutosoma vizuri ndilo hilo hilo linalokuuma. Kula kitu unachokijua, mimi nilikunywa chai na chapati mbili, ugali wa uwele na mlenda niliuacha wa jioni kwa sababu nikiula lazima nilale. Kama ni mwezi wa sita au wa saba, madirisha funga, baridi na upepo wa huku na vumbi lake vinajulikana.

Na vyuo vyako vinne viandike kabisa pembeni usiku huo, vikae kichwani. Ukimaliza utaulizwa uripoti matokeo au uyafute, ukiripoti unaona maksi za Verbal na Quant pale pale, halafu unachagua vyuo mpaka vinne vya kutumiwa bure. Mimi akili ilikuwa imekufa, nikakumbuka viwili tu, vile vingine nikaja kuvilipia.

Nilipofungua mlango mama mwenye nyumba alikuwa amekaa uani, mchi kaulaza magotini.

"Umefaulu?"

"Hesabu na Kiingereza nimeona mama, ila ya insha mpaka siku 8 au 10."

"Kwa hiyo naweza kutwanga?"

Nikamwambia twanga mama.