Mkanda wa kubana damu: ujaribu pajani kwanza
Kwa wenzangu wa bodaboda barabara ya Pangani: mkanda wa kubana damu ukiununua, uvae pajani hapohapo, zungusha kijiti chake cha kukazia, kisha legeza. Kijiti kikipinda, urudishe. Wa bandia hukatika damu ikimwagika. Upana uwe karibu sentimita 4. Kamba nyembamba hukata nyama na damu bado inapita. Kwa majeruhi, funga sentimita 5 hadi 7 kutoka jeraha, upande wa kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe wala kwenye goti wala kiwiko, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Atapiga kelele, unauma kweli; usilegeze kwa huruma. Kwapani na kwenye kinena haufungiki: shindilia shashi jerahani, gandamiza kwa mikono miwili, mkimbizeni hospitali ya Bombo, Tanga.